Upande wa Juu wa Mvule

Mimi si mtu wa kukaa. Hata leo, na magoti haya, nikiwekwa kitini robo saa naanza kutafuta kisingizio cha kuinuka. Siku zile, baada ya kumaliza darasa la nane na kukosa nafasi ya kuendelea, nyumbani kwetu milimani juu ya Masanze palinishinda kabisa. Mama alikwisha fariki. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na shamba lilitaka leo kilekile lilichotaka jana. Kwa hiyo Bwana Misitu alipopita kanisani kwetu akitafuta watu wa kujitolea kupima miti mikubwa ya wilaya, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kueleza. Wakati ule kila mtu alikuwa akijitolea. Wengine walichimba barabara, wengine walifyatua matofali ya zahanati. Mimi nilijitolea kutembea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mti mkubwa kuanzia Kilosa hadi Mikumi uandikwe ulipo, aina yake na mzunguko wa shina lake, halafu kila mwaka tuurudie tuone kama umenenepa, umeoza au umeangushwa. Uliofikisha futi ishirini uliingia kwenye orodha, ukapakwa mshipi wa rangi nyeupe, na hakuna aliyeruhusiwa kuukata, kwa sababu mbegu zake zilitakiwa. Usiofikisha ulikuwa mbao tu, unasubiri msumeno.

Nilipangwa pamoja na mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye babu zake walikuja na kazi ya njia kutoka Tabora. Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu na mtani wa kila mtu. Tuliambiwa tupime usawa wa kifua, na hakuna aliyetuambia kifua cha nani. Mwezi wa kwanza alizungusha futi kamba yeye, kwenye mkuyu mmoja wa Kisanga. Mwezi wa pili nikazungusha mimi na ufupi wangu, na mkuyu ukawa umenenepa kwa futi nzima. Tulifurahi sana. Mzee alisema ni mvua.

Bwana Misitu aliposoma daftari letu alivua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akakata fimbo ya futi nne na nusu, akanikabidhi. "Kuanzia leo," alisema, "kifua cha wote ni hiki." Akatufundisha na jambo la pili, akalirudia mara tatu: mti ulio kwenye mteremko, fimbo isimamishwe upande wa juu. Ukiisimamisha upande wa chini, kamba inashuka mno na mti unaonekana mnene kuliko ulivyo.

"Yaani unapima makalio badala ya kiuno," mzee wa reli akasema, na Bwana Misitu akajifanya hakusikia.

Tangu hapo tuligawana kazi. Magoti ya mzee yalikuwa hayapendi vilima, kwa hiyo alikaa chini na daftari, mimi nikapanda na fimbo, kamba na msumari wa kuishikizia. Kabla hajaandika namba yoyote alipaza sauti, "Fimbo iko upande wa juu?" Nami nilijibu, "Wa juu." Kila mti, kila siku. Ilikuwa inaniudhi, maana nilitaka tumalize twende kwingine.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mvule. Mama alizikwa chini yake, upande wa kuteremka. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa, mvua zikasawazisha udongo, na mgeni angepita pale asijue kwamba kuna mtu amelala. Baba alijua kwa kuhesabu hatua sita kutoka shinani. Kila Jumapili akitoka kanisani alizifagia zile hatua sita, akarudi ndani. Mti ukiondoka, alama zote zinaondoka.

Na wapasua mbao walikuwa wameshafika kilima cha pili. Vijiji vipya vya barabarani vilitaka milango na madawati, na hakuna fundi anayeukataa mvule. Asubuhi moja nikifunga viatu Baba aliniuliza, "Mti wetu mmeshaupima?" Alikuwa hajawahi kuniomba kitu maishani mwangu, na nilielewa kwamba sasa ameniomba.

Tuliupima wiki ileile. Nilisimamisha fimbo upande wa juu, nikazungusha kamba, nikasoma futi kumi na nane na inchi tano. Nikarudia, ikawa hiyohiyo. Nilisimama pale nikasikia misumeno ng'ambo, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia. Nikang'oa fimbo, nikashuka nayo upande wa chini. Nilipozungusha tena, kamba kwa upande wa juu ilikuwa inakaribia kugusa mizizi. Futi ishirini na inchi nne.

"Fimbo iko upande wa juu?" mzee akauliza kutoka bondeni.

"Wa juu."

Akaandika.

Lazima niseme Baba alikuwa mtu wa namna gani. Nikiwa na miaka tisa nilimwambia jirani kwamba chumvi imetuishia, na chungu kilikuwa kimejaa. Baba alinirudisha kwa jirani yule na kibaba cha chumvi mkononi, nikasema mbele ya watoto wake kwamba mimi ni mwongo. Sasa nilimwambia kwamba mti umeingia kwenye orodha, akasema, "Ahsante." Neno lile lilinichoma. Nilitoka nje nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mwaka uliofuata ikaja amri. Juu ya kwetu, kwenye chanzo cha kijito, kulikuwa na miti mingine minne ya orodha, na eneo lote la miti ile lilifungwa: hakuna kulima, hakuna kuishi, hakuna kupita isipokuwa wapimaji. Mpaka ulichorwa kuanzia mti wa chini kabisa. Mti wa chini kabisa ulikuwa wetu. Bila mshipi ule mweupe, mpaka ungeishia juu ya shamba la Baba.

Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya barabarani ilipofika, majirani wa ng'ambo ya kijito waliachwa wavune kwanza, na hata baada ya kuhamia barabarani waliruhusiwa kurudi mchana kulima mashamba yao ya zamani. Baba hakuachiwa hata wiki. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Alipanda lori na jembe, mkeka, Biblia na kuku wanne waliofungwa miguu, akaonyeshwa kiwanja kilichonyooka kama mstari wa daftari. Sikumsikia akilalamika. Afadhali angelalamika.

Kuanzia hapo katika familia yetu aliyeruhusiwa kufika kaburini ni mimi peke yangu. Kila mwaka nikirudi kupima aliniuliza, "Umefika?" Nikajibu nimefika. "Pakoje?" Nikajibu nimefagia. Ni kweli nilifagia, tena mbiombio, uso nimeugeuza, kisha nikaisimamisha fimbo upande ule wa uongo. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikawa naomba njia za mbali. Nilikwenda Mikumi, ambako tembo walijikuna kwenye miti yetu mpaka rangi ikatoka, na Ruhembe, ambako kila mwaka mashamba ya miwa yalikuwa yamekula miti mingine isiyofikisha futi ishirini. Nilipanda treni ya Kidatu bila kazi ya maana, ili tu nisikae kwenye kiwanja kile nikimtazama Baba akitazama mlima. Watu walinisifu kwa bidii. Mimi nilikuwa natoroka.

Mwaka wa nne aliniuliza, "Hao wanaojitolea, wanachukua na wazee?"

Nilimwambia mlima ule utammaliza. Akasema amezaliwa kule. Nilimwambia kazi ni ngumu, ina masharti. Akavaa koti lake la kanisani akaenda ofisini mwenyewe. Bwana Misitu akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla ya saa sita Baba alikuwa mtu wa kujitolea. Alifundishwa kanuni ya fimbo, akaishika kama alivyoishika katekisimu. Jioni alinisomea: mteremkoni, upande wa juu. Nikasema ndiyo, Baba.

Tukapanda watatu. Nyumba yetu ilikuwa imeshaanguka, boga limetambaa juu ya ukuta. Mzee wa reli akakaa kwenye kilichobaki cha kizingiti, akafungua daftari. Baba hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mvule, upande wa juu, akasimamisha fimbo wima kama alivyofundishwa. Ncha ya fimbo ilimfika kifuani. Mshipi mweupe ulikuwa chini, usawa wa vifundo vya miguu yake.

Akatazama ncha. Akatazama mshipi. Akanitazama mimi.

"Huu alipima nani?"

"Mimi, Baba."

"Na mwaka jana?"

"Mimi. Miaka yote."

Nikamwambia kila kitu, upesi upesi, kwa sababu sikuwa na uwezo wa kusema polepole. Nikamwambia futi kumi na nane na inchi tano. Nikamwambia mpaka ulichorwa kuanzia kwenye uongo wangu, kwamba bila mimi angevuna mahindi yake kama wenzake, angekuwa anarudi kulima, angekuwa anakuja hapa kila Jumapili kwa miguu yake. Nililia, na sioni aibu kusema.

Baba aligeuka akatazama kilima cha pili. Palikuwa peupe, visiki tu na majani makavu, hata njia ya wapasua mbao ilikuwa imeanza kuota nyasi.

"Mahindi yale tungekuwa tumeshayala," alisema.

Kutoka chini mzee wa reli akapaza sauti, "Fimbo iko upande wa juu?"

Baba akaing'oa fimbo. Nilijua anakwenda kusema. Nilikuwa tayari, karibu nifurahi, maana nilikuwa nimechoka kukimbia. Lakini hakushika njia ya kurudi kwa mzee. Aliuzunguka mti polepole, mkono mmoja kwenye gome, akashuka mpaka upande wa chini, pale zinapoanzia zile hatua sita. Akaisimamisha fimbo hapo. Akaniashiria nizungushe kamba.

Nikashikiza kamba kwa msumari, nikazungusha. Mti ulikuwa umeongezeka inchi mbili.

"Nauliza, fimbo iko upande wa juu?"

Nilifungua mdomo. Baba akaninyamazisha kwa kiganja.

"Wa juu," akajibu yeye, kwa sauti ileile aliyosomea masomo kanisani.

Mzee akaandika. Baba akanirudishia fimbo, akavunja tawi lenye majani mengi, akainama kwenye hatua ya kwanza akaanza kufagia. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Kwa hiyo nilikaa chini, mgongo kwenye shina, chini ya mshipi mweupe, nikakaa mpaka alipomaliza.