Siku Nilipopima Mto wa Barafu

Walisema sitafika popote. Mtoto wa mchoma mkaa wa Vihingo, stashahada ya maji ataipatia wapi? Nilipoipata, wakasema ndege nitaiona ikipita juu tu. Na nilipochaguliwa kwenda mafunzoni Ulaya, ambako tungetembea kwa miguu juu ya mto wa barafu, fundi wa pampu kazini alicheka mbele ya wote. "Barafu gani, kaka? Ya ukwaju tu pale getini inakushinda kumaliza."

Kazi niliianzia Ruvu, kwenye kituo cha kupima maji ya mto. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kung'aa, cheti mkononi. Mkuu wa Kituo, Mzee Kibwana, hakukitazama. Alishika fimbo ya mpingo yenye alama za kuchonga kila sentimita kumi. Ndiyo tuliyopimia kina. Akaniambia niingie majini. Nikainua mguu, akanidaka ukosi. "Fimbo kwanza, kijana. Mguu haujui kusoma." Alinifundisha na daftari la vipimo: fimbo isipogusa chini, usikisie wala usiache nafasi wazi. Andika neno moja, haikufika.

Baadaye nilihamishiwa Kibaha, nikapanda hadi Msimamizi wa Vipimo. Hakuna mjomba aliyepiga simu kwa ajili yangu. Nilipanda kwa daftari safi.

Ila kwa safari ile niliazima. Koti zito kwa Mama Ndeshi, jirani aliyehamia kutoka Kilimanjaro. Glavu kwa shemeji anayefanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu. Fimbo kwa Mzee Kibwana, aliyekuwa amestaafu kwao Masaki, Kisarawe. "Irudi," alisema. "Alinichongea baba."

Mwenyeji wetu kule Ulaya, mama mhandisi, alitushusha garini penye nguzo ya mbao. Akasema alipokuwa shule ya msingi, barafu ilifika pale. Nikatazama mbele, sikuiona. Tulitembea karibu saa nzima kuifikia. Nimepima mto ukifurika, nimeupima ukikauka, lakini mto unaorudi nyuma kuelekea mlimani sikuwahi hata kuusikia. Nilisimama mdomo wazi mpaka meno yakaniuma kwa baridi.

Tulifungiwa meno ya chuma chini ya buti, tukaunganishwa kwa kamba, tukapanda. Nilitarajia weupe; ilikuwa buluu, na chini kabisa maji yalinguruma. Juu zaidi, penye theluji, kila hatua nilichoma fimbo kwanza. Mwanafunzi mwenzangu akauliza kama natafuta mamba, wote wakacheka.

Mara fimbo haikukuta kitu. Theluji ikameguka mbele ya buti zangu, fimbo ikanichomoka mkononi. Ilikuwa imefunika ufa, na ungenimeza mimi na koti la Mama Ndeshi. Tulitega masikio. Hatukuisikia fimbo ikigonga chini. Yule wa mamba alikaa chini. Na mimi, nisiyetishwa na mafuriko ya Ruvu, nilikanyaga nyayo za wenzangu tu hadi uwanja wa ndege.

Sasa nimestaafu. Vijana wanapima kwa vifaa vinavyotuma namba kwenye simu, na wanapima vizuri kuliko sisi. Lakini hadi leo nikifungua bomba nyumbani Kibaha, hushika ukingo wa sinki kwanza.

Niliporudi kutoka Ulaya, koti na glavu nilivirudisha kesho yake. Mzee Kibwana nilimkwepa wiki tatu. Nilitafuta mpingo Vihingo, nikachonga fimbo na alama zote kwa mkono wangu, nikapanda bodaboda hadi Masaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii si yangu."

Nilimweleza yote. Alikuwa akiipapasa ile mpya kwa kidole gumba, alama kwa alama, bila kuniangalia.

"Yangu ilisoma ngapi?"

"Haikufika, mzee."

"Uliandika?"

Nikamtolea daftari. Alilisoma lile neno, akalisoma tena. Kisha akainuka, akaegemeza fimbo ukutani, pale ilipokuwa ikikaa ya baba yake.

"Basi," alisema. "Hatudaiani."