Mchango wa Kumwondoa Bi Shubiri

Mama mkwe wangu hajawahi kuninyima chakula, hajawahi kunisema kwa majirani, wala hajanihesabia vijiko vya sukari hata mara moja. Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka. Nimechoka kushikwa bega sokoni na wanawake nisiowajua wanaoninong'oneza, "Vumilia dadaangu, Mungu hamtupi mja wake." Wananionea huruma kwa mateso ya mtu mwingine, tena mtu ambaye hayupo duniani.

Chanzo ni redio. Kila Jumatano jioni mama mkwe wangu hugeuka Bi Shubiri, mavyaa wa kwenye mchezo wa redio, mwanamke anayefungia sukari kabatini na kumwambia mkwe wake kwamba kivuli chake kinachafua ukuta. Kazi hiyo aliipata kwa hasira. Zamani alikuwa mpokea simu pale kituoni, na siku moja mtayarishaji wa mchezo alimfokea mbele za watu kwa kuchelewa kumwunganishia simu. Mama akampa vidonge vyake, kimoja kimoja, kwa sauti ya upole, huku akiendelea kupokea simu za watu wengine kwa adabu zote. Mtayarishaji alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho, akamwuliza kama angeweza kuyarudia maneno yale mbele ya kipaza sauti.

Tangu hapo mji mzima unamchukia, naye anajivunia chuki ile kama wenzake wanavyojivunia watoto waliosoma. Haigizi ameketi hata siku moja. Anasema ubaya hautoki vizuri tumbo likiwa limekunjwa. Mimi ni msusi, na saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mama alikuwa akija kukaa kwenye kona, anakunja taulo, anasikiliza wateja wakisimulia maneno waliyoambiwa na mama wakwe zao. Ikifika Jumatano unayasikia maneno yaleyale redioni, yamepigwa msasa. Wiki inayofuata mteja yuleyule anarudi akitweta: "Jamani, yule Bi Shubiri ni mama mkwe wangu mtupu!" Mama anamkabidhi taulo na kumpa pole.

Tunaishi wawili. Mume wangu anaendesha malori ya safari ndefu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanawe huyo hata hiyo ya tatu haifikishi. Kwa hiyo nyumba ni yangu na Mama, na tumepatana kama chungu na mfuniko.

Kisha nyonga yake ya kushoto ikaanza kusagika. Studio iko ghorofa ya pili na lifti ya jengo lile ilikufa kabla sijaolewa. Mafundi mitambo wakawa wanambeba kwa kiti, wakipumzika kila kona ya ngazi, mpaka mmoja wao naye akaumwa mgongo. Ndipo mtayarishaji akaja nyumbani, akanywa chai yetu, akasafisha koo.

"Mama, tunakupenda. Lakini kama huwezi kufika studio, Bi Shubiri itabidi afe. Tutampa ugonjwa wa heshima."

Mama alimwongezea chai. Alipoondoka yule bwana, aliniambia, "Mwanangu, nikikaa tu nyumbani nitakuwa mwema kutwa kucha. Nitakufa kweli." Niliona hatanii. Daktari alikuwa amesema nyonga inaweza kubadilishwa, ila gharama yake ilikuwa nje ya uwezo wetu, hata mwanawe angeuza lori ambalo si lake.

Nikaenda kwenye Mfuko wa Faraja wa Watu wa Habari. Ndio unaosaidia watangazaji, wapiga picha, wachapaji na waigizaji wa redio wakiugua au wakipatwa na shida. Ofisi yao ni chumba kimoja chenye feni isiyozunguka, na ukutani wameandika: Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini akasaidiwa. Katibu wa Mfuko alikuwa mtangazaji wa mpira enzi zake, na mpira haujamtoka mdomoni.

"Mfuko utamfikisha katikati ya uwanja," aliniambia. "Kutoka hapo mpaka golini ni kazi ya wasikilizaji. Tutaomba mchango hewani. Ila nikwambie jambo moja, dada. Aliyechanga ndiye refa. Hela ikitolewa kwa jambo fulani, inaenda kwa jambo hilo. Mimi sichezi rafu."

Tangazo lilipotoka, simu zililia kabla mtangazaji hajamaliza kusoma. Mtu wa kwanza alisema, "Nyonga? Acha ioze." Wa pili aliuliza kwa heshima kabisa kama kuna namna ya kuongeza maumivu. Michango ilikuja, tena mingi, lakini yote ilikuwa ya yule mkwe wa kwenye mchezo: nauli ya kurudi kwao, blanketi, kufuli la mlango, hata wakili wa bure.

Huyo mkwe anaigizwa na mwanamke tunayemwita Kasauti. Ana sauti ya kifaranga na mabega ya mlango. Duka lake ni la saruji, na mifuko anaipakia mwenyewe. Anampenda Mama kuliko mtu yeyote pale kituoni. Alitaka ile nauli yote iende kwenye nyonga.

"Haiwezekani," alisema Katibu. "Imechangwa nauli. Nyonga si nauli."

Hapo nikapandisha mori. Nilikwenda studio mwenyewe, nikaomba kipaza sauti, nikawaambia wasikilizaji kwamba mimi ndiye mkwe wake halisi, wa kuolewa, na kwamba mwanamke huyu hajawahi kunitendea baya lolote. Nilisema kwa uchungu mpaka sauti ikatetemeka. Ilikuwa kosa. "Mnasikia anavyotetemeka?" alisema mpiga simu. "Yupo hapo pembeni yake, amemshikia mwiko!" Jioni ile nikachangiwa na mimi nauli.

Mtayarishaji akaona dawa ni moja tu: Bi Shubiri atubu. Akaandika kipindi cha kutoka moja kwa moja hewani, ambamo mkwe anamletea mavyaa nauli yake ili akatibiwe mguu, na mavyaa anaangua kilio, anaomba msamaha kwa kila kijiko cha sukari. Wasikilizaji wakilainika, watachanga. Mama aliisoma karatasi ile mezani kwetu, akaisukuma upande wangu.

"Sitaki. Ubaya ule nimeujenga kwa jasho langu. Siuuzi kwa mfupa."

"Mama, ni mchezo tu!"

"Ndiyo maana sitaki."

"Hufiki hata msalani bila kunishika bega!"

Lilikuwa kweli, na lilikuwa limetamkwa. Hatukuwahi kupandishiana sauti tangu nilipoingia katika nyumba ile. Aliichukua karatasi taratibu, akaikunja. "Haya," alisema. "Kwa ajili yako nitalia."

Jumatano hiyo Kasauti alimpandisha ngazi mgongoni, bila kupumzika hata kwenye kona moja. Mimi nilikaa nyuma ya kioo pamoja na mtayarishaji na Katibu. Mama alikataa kiti. Alisimama ameishika meza kwa mikono miwili, na hata kutoka pale nilipokuwa niliona mguu ukimtetemeka.

Kasauti akasoma sehemu yake kwa kile kisauti chake. "Mama, nimekuletea nauli yangu. Katibiwe mguu."

Hapo ndipo pa kulia. Mama aliitazama karatasi. Mtayarishaji alimwonyesha kwa mikono namna ya kulia. Mama akaiweka karatasi chini, akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kufungia sukari.

"Ndiyo hii tu? Hii haitoshi hata kidole. Ningekuwa na mguu mzima, mimi ningeondoka humu leo hii, nisiuone tena uso wako mpaka nakufa. Lakini ndiyo hivyo, mguu sina, na wa kunipa mguu hayupo. Kwa hiyo nipo. Nipo sana. Nenda kaniletee chai."

Katibu akajishika kichwa. "Tumejifunga wenyewe," alisema. "Dakika za mwisho, tumejifunga wenyewe."

Simu ya kwanza iliingia wakati Mama bado ameishika meza. Alikuwa fundi magari, anahema kwa hasira. "Huo mguu unataka nini na nini? Niambieni! Nachanga sasa hivi, apone, amwondokee yule binti wa watu!" Akafuata mwalimu, akafuata mama mmoja na kikundi chake cha kuweka na kukopa, akafuata bwana aliyesema anachanga mara mbili, moja ya nyonga na moja ya viatu vya kuondokea. Mpaka asubuhi nyonga ilikuwa imelipiwa, na ya pili pia, kama angeihitaji. Katibu alipiga ukelele wa goli uliomwamsha mlinzi wa jengo.

Nilimwuliza Mama kama alikuwa amepanga. "Wale watu nawajua," alisema. "Huruma yao ni ya kubembelezwa. Hasira yao haina ubahili."

Hospitalini hakuna aliyempa hata tabasamu. Muuguzi aliyekuwa akimsukuma kuelekea chumba cha upasuaji alisimamisha kitanda kwenye korido, akamwinamia. "Ukipona, utaondoka kweli?" Mama akamwambia ataondoka. "Haya, basi tutakupasua vizuri," alisema muuguzi, akaendelea kusukuma.

Walimpasua vizuri. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anatembea kwa fimbo kutoka jikoni hadi saluni, ananiita nimtazame, kisha anarudi jikoni. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilisuka watu mistari iliyopinda kwa kumtazama yeye. Ndipo Katibu alipobisha hodi, amevaa koti na amebeba kinasa sauti.

"Dada, nimekuja kwa lile la kuondoka."

"Kuondoka kwa nani?"

"Aliyechanga ndiye refa. Walichanga apone na aondoke nyumbani kwa mkwe. Kupona tumeona. Wana haki ya kusikia na la pili. Mimi sichezi rafu."

Nilikuwa na chanuo mkononi na nia ya kulitumia. Mwenye nyumba hii ni Mama, nilimwambia, mimi ndiye niliyekuja na begi! Lakini Mama alitoka jikoni kwa fimbo yake na kusema, "Ana haki. Hela ya watu si ya kuchezea. Mwanangu, nipangie begi."

Nilimtolea lile la magurudumu, tupu, maana nilidhani linatosha. Akalinyanyua kwa kidole, akatikisa kichwa. "Begi tupu linasikika tupu. Weka nguo." Basi nikaanza kutoa nguo zake kabatini. Gauni zake. Sweta lake la kijivu lenye kiwiko nilichokitia kiraka. Miwani ya kusomea. Dawa. Kila nilichokitoa kiliacha nafasi yake, na nilipomaliza kabati lilikuwa limebaki na vibanio tu. Nilijua anarudi kabla ya chakula cha mchana. Nilijua vizuri kabisa, na bado nililikunjua lile sweta la kijivu nikalikunja upya.

Saluni ilikuwa imejaa siku hiyo. Habari haina miguu lakini hufika. Wateja walitoka nje na rola vichwani, majirani wakajipanga ukutani. Katibu alitangulia kinyumenyume, kinasa sauti mdomoni.

"Naam, anaonekana mlangoni! Fimbo mkono wa kulia, begi mkono wa kushoto! Anashuka kizingiti, mguu mpya unatangulia, anashuka salama! Analikaribia geti, hakuna wa kumzuia! Mkwe amesimama, hana la kufanya!"

Mama hakugeuka. Bi Shubiri hageuki. Magurudumu ya begi yalikwaruza changarawe, begi lililojaa kweli, na mgongo wake ukawa mdogo barabarani, na mimi nikaona jinsi itakavyokuwa siku moja, atakapoondoka na asirudi. Nililia. Sikulia kidogo, nililia kwa sauti, mdomo wazi, mbele za watu. Wateja walinizunguka wakinipiga makofi ya mgongoni. "Lia mama, lia, umepumzika!" Mmoja alipiga kigelegele. Mama akaipinda kona, na Katibu akatangaza kipenga cha mwisho.

Alipozima mashine alinijia polepole. "Dada, kuondoka ndiko kulikochangiwa," alisema chini kwa chini, bila mpira wowote. "Kurudi hawakusema kitu." Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Nilipita mlango wa nyuma, nikakimbia kichochoroni na aproni yangu. Nilimkuta kwenye benchi la fundi viatu, amekaa, amenyoosha mguu mpya, fundi mwenyewe amehamia chini na hathubutu kumwangalia usoni.

"Ameshazima?" aliniuliza.

"Ameshazima."

"Nilikusikia mpaka huku. Kasauti hajawahi kulia vile, na nimemfundisha miaka."

"Mimi sikuwa naigiza, Mama."

"Najua," alisema. Alitoa leso kwenye mkono wa gauni, akanifuta uso wote kama mtoto, pua na kila kitu, fundi viatu akituangalia sasa kwa macho mawili. Kisha akasimama mwenyewe, bila kunishika bega. Nilichukua begi. Lilikuwa zito, nikalivuta nyuma yake mpaka nyumbani.