Hataki Wageni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake unakwenda kasi kuliko cherehani yenyewe. Nampenda hivyo hivyo. Kanisani alipewa kazi inayomfaa: kila Jumamosi kumtembelea Mama Sauti, mjane aliyeimba kwaya mpaka kiharusi kikamlaza kitandani. Shangazi alimfungulia dirisha, akamsomea zaburi, kisha akampa habari za mtaa zilizotiwa chumvi ya kutosha. "Kazi hii nimepewa na Mungu, si mchungaji," alizoea kusema.

Kisha zikaja sare za shule. Mwanzoni hakwenda kwa sababu kweli alizidiwa na kazi. Baadaye sare zikaisha, naye akawa anakaa tu barazani, miguu kainyoosha. Hapo ndipo mchungaji alipopita.

"Mama Sauti anaendeleaje?"

"Hajambo, mchungaji. Ila siku hizi hataki wageni."

Nilikuwa pale nashona vifungo, nikainamisha kichwa. Mchungaji aliamini. Jumapili akawaomba waumini wamwache mama apumzike, na akina mama wa maombi wakaacha kwenda, kwaya nayo ikaacha. Shangazi, badala ya kuufuta uongo wake, akaupamba: mama kawa mkali, mama hataki hata salamu. Alimchafulia jina mtu asiyeweza kuinuka kujitetea. Iliniuma, maana huyu si shangazi ninayemjua.

Lakini kila Jumamosi ilipofika, shangazi alikosa raha. Siku moja aliacha suruali ya mteja katikati ya mshono, akaniambia, "Twende."

Mama Sauti alitutazama kwa furaha. "Umepona, mwanangu?" aliuliza, maneno yakimtoka kwa shida. "Nilijua fundi wangu haachi kuja bure, lazima anaumwa. Nimekuombea kila asubuhi."

Shangazi alipiga magoti akasema yote, bila kujitetea. Wote tulilia. Kisha Mama Sauti akasema, "Na wale wengine, nilijiuliza sana nimewakosea nini."

Jumapili shangazi alisimama mbele ya kanisa zima. "Mama Sauti anataka wageni," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa sitaki kwenda."

Jumamosi iliyofuata chumba kilijaa mpaka viti vikaisha. Shangazi alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia, mpaka sauti ikatoka kitandani ikiuliza, "Fundi wangu yuko wapi?"