Nyuma ya Mlima

Kabla ya kumwona Tata, ulimsikia. Mwezi wa saba, ukungu ulipoifunika Tetu hata ng'ombe asiuone mkia wake, buti zake za mpira zilitangulia kutoka shambani: pwachu, pwachu, na kila hatua ya pili mlio mwembamba wa buti la kushoto lililotoboka kisiginoni, kama bata anayelalamika. Kisha ilikuja harufu ya majani mabichi ya chai, halafu kikapu, na mwisho yeye mwenyewe, shangazi yangu Wairimu, tuliyemwita Tata, akicheka jambo alilokuwa amejisimulia njiani. Mama yangu alifanya kazi mjini Nyeri na kuja nyumbani Jumamosi. Siku zilizobaki nilikuwa wa Tata. Ndiye aliyenisuka nywele na kuniachia utando wa maziwa, na ndiye niliyelala nimeng'ang'ania mgongo wake baridi ilipozidi. Kwa hiyo, nikiwa na miaka tisa, niliposikia kwamba kuna mwanamume wa Timau anayetaka kumwoa, niliamua kwamba Tata haendi.

Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kufika Timau. Tulichojua ni kwamba iko nyuma ya mlima. Sisi, bila shaka, tulikuwa mbele. Mungu alipouweka mlima aliuelekeza uso wake Tetu, na hilo halikuhitaji ushahidi. Nchi isiyojulikana ni kama shamba lisilo na mwenyewe, nami nikalilima. Nilimwambia Shosho, mama yake Tata, kwamba mwalimu ametufundisha kuwa jua hulala kule, jirani kabisa na nyumba za watu, maana si tunaliona likitokea nyuma ya mlima kila asubuhi? Basi usiku watu hutoka jasho na kulala wametoa miguu dirishani. Mchana huvuma upepo mkali hata kuku hufungwa kamba mguuni wasije wakatagia kwa jirani. Ardhi ni tambarare kama meza, na mtu akibanwa na haja hana bonde la kujistiri. Shosho aliacha kuchambua njahi, yale maharagwe yake meusi. Alipouliza kuhusu watu wenyewe, nikaona hapo ndipo pa kupigilia msumari. Nikasema kwao mke akishaolewa haruhusiwi kurudi kwa mama yake, hata kusalimu tu, mpaka avune ngano mara tatu.

Wageni walikuja Jumamosi, wazee wanne na kijana mwenyewe, mwenye masikio makubwa na sura njema kiasi cha kuniudhi. Kwetu, siku ya kuposa, mgeni habishi. Mama wa msichana akisema nje kunanyesha, unakung'uta koti hata kama jua linawaka. Niliyajua haya, ila sikuyafikiria. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, jicho kwenye ufa, nikingoja wafukuzwe. Shosho aliwaacha kwanza wale mukimo wa viazi na mahindi, kisha akauliza kama ni kweli kuku wanafungwa kamba. Msemaji wao alipiga funda moja la chai.

"Tunawafunga, mama," akasema. "Lakini kamba ni ndefu."

Akaulizwa habari za joto la usiku, akakiri kwamba ni baya, na kwamba ndilo lililowakondesha. Shosho akaweka kikombe chini na kutaja ngano mara tatu. Mzee aliwatazama wenzake. Wenzake wakatazama dari.

"Desturi ni desturi," akasema. "Lakini kwa Wairimu tutapunguza. Iwe mara moja."

Mama yangu akanong'ona kwamba hawa ni watu waungwana. Tata aligeuza shingo akautazama mlango wa jikoni, moja kwa moja kwenye ule ufa. Kisha akainamisha kichwa na kusema amekubali.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilizunguka mlima mzima. Tata aliolewa, na Krismasi hakuja. Nilipougua matubwitubwi hakuja. Buti zake zilibaki ukutani, nami nilikuwa nikizivaa na kupiga hatua uani, ili nyumba isikie pwachu. Alikuja baada ya mavuno, na gunia la unga, ngozi imepasuka kwa upepo.

Siku hizi mtoto akitunga nchi kama ile, simu itamkana kabla hajameza mate. Nami ilinichukua miaka mingi kukiri. Mwezi uliopita nilikwenda Timau, nikalala chini ya mablanketi matatu, nikaamka na kukuta kuku wakitembea watakavyo. Watoto wa Tata wanaapa kwamba wao ndio walio mbele ya mlima. Asubuhi hiyo Njoki, mke wa kifungua mimba, alitumiminia chai huku macho yamemvimba. Mama yake ni mgonjwa kule Kiriaini, lakini hawezi kwenda, hajavuna ngano. Ni mila ya ukoo, akasema, ya tangu zamani.

Nikaweka kikombe chini, nikasema yote.

"Nilijua siku ile ile," Tata akasema. "Kuku wa kamba ni nani mwingine angewawaza?"

"Mbona hukusema?"

"Wazee wa watu waonekane waongo mbele ya mama yangu? Na wewe ungechapwa."

Mumewe, masikio yakiwa yaleyale, alisema yeye alijua vingine. Wazee wa posa walirudi Timau wakiwaambia kwamba ile ni mila ya Tetu. Kwamba mama mkwe ameidai kwa mafumbo. Kisha akamtazama Njoki, aliyekwisha kuweka birika chini na kuvaa koti.

"Mwacha mila ni mtumwa," akamtania.

"Basi mtanitafuta Kiriaini, baba, utumwani," Njoki akajibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Aliuvuta mlango nyuma yake kwa mikono miwili, maana upepo, angalau huo, ulikuwa wa kweli.