Mnyororo wa Drili ya Sumaku

Dada yangu alirudi likizo kutoka chuo cha ufundi amevaa buti zenye chuma mbele, na tangu siku ile mimi nikawa kama kiti cha wageni pale nyumbani: nipo, lakini hakuna anayenitazama.

Baba ana karakana nyuma ya nyumba yetu, Jomvu Kuu. Kazi zake nyingi ni za watu wa mashamba: trela za trekta, majembe yaliyovunjika, mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Kilichomtesa ni kutoboa chuma kinene. Drili ya mkono ikinasa ndani ya bamba haizunguki tena, humzungusha yeye. Mwaka huu ilimtupa kando, bega likavimba, ikawa hata kuinua mikono kwenye swala akunja uso. Ndipo akaamua kununua drili ya sumaku, ile unayoibandika kwenye chuma ukawasha stima, ikajishika yenyewe, nawe kazi yako ni kuteremsha biti, ile ncha inayokata, polepole.

Nilijua nitaulizwa mimi. Mwezi mzima nilikuwa nikimaliza bando la mama kwa kutazama video za mashine hizo. Baba akaweka kikombe cha chai chini, akaita. Nikasimama. Kumbe amemwita dada.

"Abee, baba."

"Mama, wewe waonaje, tuchukue ipi?"

Mama. Mimi huniita "we kijana", tena akiwa na furaha.

Tukaenda Changamwe watatu, kwenye duka la vifaa. Palikuwa na drili tatu. Ya kwanza ilikuwa dude jekundu, kubwa, lenye sauti ya kutosha kuamsha mtaa. Ya pili ilikuwa ndogo, imara, bei ya katikati. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, imetoka ng'ambo, rahisi kuliko zote, na mwenye duka aliisifu kana kwamba anaiozesha.

Mimi nikasimama na lile jekundu. "Baba, hili ndilo. Ukinunua mashine, nunua mashine."

"Na jenereta ya mteja kule shambani italiweza?" dada akauliza. Hakuniangalia, alikuwa akimwangalia muuzaji. "Na nani atalibeba? Wewe ndoo ya maji wabeba kwa malalamiko."

Muuzaji akacheka. Baba naye akacheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikahamia kwenye ya mtumba. Nikasema rahisi ndiyo akili, pesa ya baba si ya kuchezea. Hapo dada akafungua mkoba wake. Wasichana wengine hubeba poda. Yeye akatoa kipande cha bamba la chuma alichokikata kwenye trela iliyokuwa karakanani. Akakikwangua kutu na rangi hadi kikang'aa, akakibana juu ya meza kwa jiriwa, akaomba ya mtumba iwashwe. Ikajibandika. Akaisukuma kwa bega, ikateleza kama sabuni. Akaweka ile ndogo pahali pale pale, akaisukuma, meza ndiyo ikasogea.

"Hii," akasema.

Muuzaji akamwambia baba, "Mzee, huyu bintiyo usimuoze mapema." Baba akavimba kifua. Mimi nikabandika ufunguo wa nyumba kwenye sumaku nikijifanya nachunguza jambo zito, kisha ukakataa kutoka hadi dada alipozima stima.

Ndani ya sanduku la drili, nililolifungua mimi kabla ya wengine, mlikuwa na biti zilizo wazi katikati, zinazokata duara kama kikombe cha kukatia mandazi, chupa ya mafuta, na mnyororo mfupi wenye ndoano. Baba alitangaza kwamba dada ndiye atakayeitumia hadi likizo iishe. Mimi nitashika chupa.

Sasa nakiri jambo. Ule mnyororo niliuona umekaa bure. Baiskeli yangu haikuwa na mnyororo wa kuifungia, nami nilikuwa na kinyongo cha kutosha kujaza gunia. Nikaupitisha kwenye gurudumu, nikautia kufuli. Nilijiambia ni mkopo. Moyoni nilifurahi tu kwamba kuna kitu kimoja cha ile drili ambacho si cha dada.

Siku ya tatu akaja mzee wa Mazeras, mwenye ng'ombe wa maziwa, kuchukua trela yake. Yalibaki matundu sita ubavuni mwa chesi, kile kiunzi cha chini, ili bamba la kukokotea trela lifungwe kwa bolti. Mzee alikaa kwenye kopo la rangi, fimbo katikati ya magoti, akitazama saa. Dada akabandika drili ubavuni, kisha akatia mkono sandukuni.

"Mnyororo uko wapi?"

Nikasema, "Mnyororo gani?"

"Ule wa kuifunga. Ikiwa ubavuni hivi stima ikipotea, sumaku yaachia. Itamwangukia mtu."

"Haikuja nao," nikasema. Uongo ulitoka laini hata mimi nikaustaajabia.

Dada akaweka chini glavu zake. "Basi sitoboi."

Baba akashusha pumzi. "Mama, matundu sita tu. Mgeni amekaa tangu asubuhi."

"Baba, sitoboi bila mnyororo."

Ndipo mdomo wangu, ambao mwalimu wa darasa amewahi kuuandikia barua, ukasema, "Nitatoboa mimi."

Baba akanitazama. Wallahi alinitazama kama mtu anayemwona mwanawe stendi baada ya miaka. "Haya," akasema. "Shika."

Nilikuwa nimeililia nafasi ile mchana na usiku. Sasa nimeipata, nami ndiye mtu pekee karakanani anayejua kwamba mnyororo uko hatua ishirini, kwenye gurudumu la baiskeli. Ningesema wakati ule. Lakini mzee wa Mazeras alishageuza kopo lake anitazame mimi, si dada.

Dada hakubishana. Alikwenda jikoni, akarudi na leso ya mama, ile kanga yake ya kujitanda. Akaipitisha kwenye mpini wa juu wa drili, akaizungusha kwenye chesi, akafunga fundo, akalivuta kwa uzito wake wote.

"Drili ya kisasa na leso," nikasema. "Tuipake na hina?"

"Toboa," akasema.

Nikawasha. Biti ikagusa chuma, ikaanza kula, nyuzi za chuma zikajiviringa zikianguka. Utamu wake siwezi kuueleza. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mashine, kilo zake zote zikiwa juu ya magoti yangu, nikiteremsha mkono polepole, na baba nyuma yangu akisema, "Hivyo, hivyo." Kwa muda ule mfupi sikumwonea mtu yeyote wivu.

Stima ikapotea.

Hakukuwa na mlio. Ile drili iliachia tu, ikachomoka, ikaja. Leso ikaidaka. Ikaning'inia mbele ya uso wangu ikiyumba kama mtoto mbelekoni, fundo likilalamika. Biti ilikuwa kiganja kimoja kutoka gotini.

Baba alinivuta kwa kola hadi ukutani. Alikuwa akihema. "Nampigia yule muuzaji sasa hivi," akasema. "Anauza mashine haina mnyororo, amuulie mtu mtoto." Alishatoa simu.

Dada alisimama akiizuia drili isiyumbe. Hakunitazama. Angenitazama ningenyamaza.

"Baba, usimpigie. Mnyororo uko kwenye baiskeli yangu."

Nikaenda kuuleta. Kwa haraka yangu ufunguo ukakataa kuingia, nikaiburuta baiskeli nzima hadi karakanani. Mzee wa Mazeras akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Alilifungua kufuli mwenyewe, akampa dada mnyororo, akanipa mimi chupa ya mafuta. Baiskeli akaitundika darini, na ipo huko mpaka leo.

Stima iliporudi, dada aliirudisha biti kwenye tundu langu lililokatika nusu, akalimaliza. Kipande cha duara kikadondoka miguuni petu, kinang'aa kama sarafu. Niliinama. Naye aliinama. Akawahi.

"Changu hicho," nikasema. "Nilianza mimi."

"Nilimaliza mimi."

Akakirusharusha mkononi kwa joto lake, kisha akanitupia. Kiliniunguza, sikukiachia. Yeye akageuka akatoboa matundu matano mengine, na kila kipande kilipodondoka alikitia mfukoni mwa ovaroli bila hata kukitazama. Vitano. Mimi kimoja, tena nusu ni yake.