Mama Hajambo?

Siku ile naiona mpaka leo, mwanangu, na waliokuwa uwanjani nitakutajia mmoja mmoja ukitaka. Nilikuwa msichana wa mpira wa pete hapa hapa Misima, nacheza ulinzi. Mfungaji wetu alikuwa Mwajabu binti Saidi, mfupi, mwenye mkono mtulivu. Mpira ukimfikia chini ya pete, sisi wa nyuma tulianza kurudi katikati kabla haujaingia, maana tulijua unaingia.

Mwaka ule tulifika fainali na wasichana wa Kwamndolwa, kule Korogwe. Waliletwa na lori la mkonge, wamesimama wanaimba, na mama zao wamo. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume, ila shida haikuwa ng'ombe. Shida ilikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Jina lake ninalo, lakini wajukuu zake wananisalimia vizuri, basi abaki mwenyekiti tu. Uchaguzi ulikuwa karibu, naye alikwisha kuwaambia wakubwa kwamba kijiji chake hakishindwi kwa lolote, iwe kilimo, iwe mpira.

Asubuhi ile akaja na msichana mrefu, Elizabeti, kamtoa Vugiri huko milimani. Akamwambia Mwajabu, "Wewe binti leo pumzika. Juzi tu umefiwa na mama, moyo wako hauko hapa."

"Moyo wangu uko hapa, mwenyekiti," Mwajabu akasema. "Nyumbani ndiko nisikoweza kukaa."

Hakusikilizwa. Na kwa kuwa mashindano yalitaka wachezaji wa kijiji chenyewe, Elizabeti akapewa kitambaa cha kifuani cha Mwajabu, akapewa na jina la Mwajabu. Mchezaji wa kuazima hivyo, vijana wa siku hizi mnamwita mamluki. Sisi hatukuwa na neno lake, tuliangalia chini tu.

Kabla ya kuanza tulikuwa na desturi ya kupita mbele ya wazee wa upande wa pili, kila msichana anaamkia na kutaja jina. Upande wa Kwamndolwa alikaa Mama Ester, Msambaa, muuza maharage, mtani wetu sisi Wazigua. Utani wetu unaujua: hata msibani mtani anakuja kutania, na hakuna wa kumkasirikia. Kwenye matanga ya mama yake Mwajabu, Mama Ester huyo huyo alijilaza kwenye mkeka wa wafiwa akakataa kuinuka, anasema marehemu kamkimbia kabla hawajamaliza umbea wao. Tulicheka huku tunalia.

Elizabeti akafika mbele yake, akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani, mwanangu?"

"Mwajabu binti Saidi."

Mama Ester akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Umerefuka. Mama hajambo?"

"Hajambo, mama. Anawasalimu sana."

Usimlaumu Elizabeti. Alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri akiulizwa mama anajibu hajambo, hata kama mama kalazwa. Salamu ilimtoka mdomoni kama inavyotutoka sisi sote. Lakini uwanja mzima uligeuka kumtafuta Mwajabu. Pembeni kule Mwajabu alikuwa amekaa, kanga kichwani. Kanga ikamteleza hadi chini, hakuiokota.

Mama Ester hakupandisha sauti. "Anatusalimu. Basi mtani wangu kafufuka, nami nililalia mkeka wa matanga yake. Mwenyekiti, ikiwa wafu wa Misima ndio wanaotuma salamu, wazima mmewaficha wapi?"

Watu wakacheka.

"Mama, huu ni mchezo tu," mwenyekiti akasema. "Tusiharibu shughuli."

"Ni mchezo, ndiyo maana nauliza mapema. Leo umebadilisha mtoto wa marehemu mbele ya macho yetu, ili usifungwe na wasichana. Siku ya jambo kubwa utabadilisha nini?"

Elizabeti akafungua kile kitambaa, machozi yanamtoka, akampelekea Mwajabu mwenyewe. "Dada, nisamehe. Habari za mama sikuambiwa."

Mwajabu akageuka, akampa mgongo. "Mama ndiye aliyekuwa akinifungia," akasema. "Nifungie wewe."

Akamfungia. Tukacheza, tukafungwa. Mwajabu alitumbukiza kila mpira tuliomfikishia, ulinzi ndio uliovuja, na mlinzi ndiye huyu unayemsikiliza. Ng'ombe akapandishwa lorini, Mama Ester kamshika pembe, anatuuliza kama tuna ujumbe wowote kwa nyama. Tulirudi nyumbani tumembeba Mwajabu juu, tunaimba jina lake, na lilikuwa lake.

Ukafika uchaguzi wa kijiji, tukapanga mstari wa kupiga kura. Katikati ya mstari wamo wanaume tusiowajua, wameletwa na mwenyekiti wampigie kura, wametulia kama wenyeji. Mwajabu akaanza kupita, mpole, anaamkia. "Shikamoo baba. Unakaa upande gani?"

"Huku chini, karibu na kwa Mama Zena," yule akabahatisha, maana jina hilo Mwajabu alikuwa amelitaja kwa sauti kwa mtu wa mbele yake.

"Ahaa. Mama Zena hajambo?"

"Hajambo kabisa, yupo shamba."

Misima hakukuwa na Mama Zena. Hakuwahi kuwepo. Tulicheka mpaka mstari ukapinda, na kila tulipomgeukia mgeni kumuuliza hali ya Mama Zena, alikumbuka safari yake. Mwenyekiti akaanguka kwa kura, na hapakurushwa hata jiwe.

Juzi mjukuu wangu Hemedi, nahodha wa timu ya vijana, kaniambia, "Bibi, tunashusha mamluki wawili kutoka mjini. Kombe la diwani hilo, lazima tubebe."

"Na wa kwetu je?"

"Benchi, bibi. Ni mpira tu, siasa waachie wenyewe."

Nikamsimulia haya niliyokusimulia, kisha nikamwambia, nawe nakwambia hivi. Mwanangu, nchi haina uso mwingine wa kuvaa siku ya kura. Ni uso ule ule wa uwanjani. Anayezoea kushinda kwa miguu ya kukodi hataona ajabu kushinda kwa kura za kukodi, na wanaomshangilia ni wale wale. Cheza na watu wako. Ukifungwa nao, rudi nao. Jezi unayotaka kumvua mwenzako, ulizia kwanza nani alimfungia.

Hemedi akaaga, akaondoka. Jana jioni nimekaa barazani, nikamsikia kwa jirani, mlangoni kwa Shabani, kipa waliyetaka kumweka benchi. Anabisha hodi. Shabani hakutaka kutoka. Hemedi akangoja, halafu akauliza, sauti ya chini, "Mama hajambo?"

Mlango ukafunguliwa.

Mungu awape miguu yenu wenyewe, mwanangu, na iwatoshe. Awape na watani wasiowaogopa. Na siku mkiulizwa ninyi ni nani, mtaje jina bila kumtazama mtu mwingine.