Kitanda cha Mzee Makokha

Kabla ya kuolewa, Ndanu alitandika vitanda vya watu asiowajua kwa miaka sita, katika nyumba moja ya wageni mjini Machakos. Alijua kukunja pembe za shuka zikakaa kama bahasha, kuweka taulo upande wa miguuni na sabuni mpya juu ya taulo. Mgeni wa pale alilipa, akalala, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza ni wa ukoo gani wala anamwendea nani. Huo ndio ukarimu aliofundishwa Ndanu, na huwezi kumlaumu. Ule mwingine ulikuwa umeshakosa walimu.

Mwaka wa 1996 alikuwa Kitengela na mumewe Nalianya, Mbukusu, mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Walikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na nje ya waya wa ua wao pundamilia bado walipita asubuhi kama wenye mahali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha mabati alimowekea Ndanu chakula cha kuku wake wa mayai.

Mwezi wa Februari ilifika habari kwamba baba mkwe, mzee Makokha, anakuja kutoka Bungoma. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ya Nairobi ilikuwa imempa siku ya Alhamisi kupasuliwa jicho la kushoto, na daktari alikuwa ameonya kuwa upasuaji ukiahirishwa tena, jicho lisahauliwe. Mzee alikuwa ameshaahirisha mara mbili.

Nalianya alimwambia mkewe amwandalie mzee mahali pazuri. Hakusema zaidi ya hapo.

Ndanu aliwahamishia watoto, Melvin na Valerie, sebuleni, akakipiga deki chumba chao mpaka sakafu ikang'aa. Godoro lao lilikuwa limebonyea katikati kama sufuria kuukuu. Akalitoa, akaburura godoro la chumba chake mwenyewe, lile nene walilonunua Desemba, akalitandika shuka za harusi yake. Akaweka slipa, chupa ya chai, na ndoo ndogo yenye kifuniko chini ya kitanda. Mwisho akafunga kamba kutoka kitandani hadi mlangoni, ili mtu asiyeona vizuri aifuate kwa mkono. Hata kule Machakos hakuwahi kutengeneza chumba kama kile.

Jumatatu mchana Nalianya alimleta baba yake hadi kwenye geti, akarudi kazini. Ndanu alipompa mzee mkono amwongoze, mzee aliukwepa taratibu, akafuata sauti yake. Chumbani aliinama akakigusa kitanda kwa kiganja.

"Hapa ni pako, baba," Ndanu akasema. "Hata hilo godoro ni letu la chumbani. Tumekutolea."

Mzee aliuondoa mkono kama aliyegusa kikaango. Akashukuru sana, akasifu harufu ya sabuni, kisha akaomba kiti kipelekwe nje kwenye baraza. Akakaa pale. Akalia chakula pale. Wakati wa kulala ulipofika alisema ndani kuna joto, ingawa upepo wa usiku wa mbuga ya Kitengela, kila aliyelala huko anaujua ubaridi wake. Nalianya aliporudi alimkuta, akasimama kidogo, akamfunika blanketi, akaingia ndani bila neno.

Kulipokucha mzee alikuwa bado ameketi, midomo imepauka kwa baridi. Akaomba apelekwe kwenye basi arudi Bungoma. Jicho, alisema, litaona litakachoona.

Ndanu aliona amedharauliwa. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mzee hataki kulala kwa Mkamba. Nalianya alipomaliza chai alienda kazini macho yakiwa chini, akisema atajaribu kuomba ruhusa ampeleke mzee stendi jioni. Kwa hiyo kilichobaki ni mchana mmoja. Ndanu akachukua trei ya mayai akaenda kwa jirani yake Ouko, Mjaluo aliyestaafu reli, mzee wa umri wa baba mkwe, akamweleza yote tangu sabuni hadi kamba.

Ouko alimuuliza maswali mawili tu: mzee alipewa kulala chini ya paa gani, na godoro lilikuwa la nani. Alipojibiwa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, hapo hukutandika kitanda. Umetega mtego."

Kisha akamweleza, bila kucheka tena. Baba halali chini ya paa la mtoto wake aliyeoa. Na kulala pale mtoto anapolala na mkewe, hilo ni jambo ambalo mzee angelibeba mpaka kaburini, akiwa anaona au haoni. Mzee mwenyewe hawezi kulitamka mbele ya mke wa mwanawe, na Nalianya naye hawezi kuzungumzia malazi ya baba yake. Ndiyo maana wote wawili walinyamaza.

"Kwani nyinyi Wakamba hamna haya ya wakwe?"

"Tuko nayo," Ndanu akasema. "Nilidhani tuliiacha huko nyumbani."

Akamkumbuka nyanya yake, aliyekuwa akitoka njiani na kujificha kichakani kila alipomwona mkwewe akija. Watoto walikuwa wakimcheka. Ndanu alikuwa miongoni mwao.

Alirudi akatoa magunia ya chakula cha kuku kibandani, akafagia, akaosha kuta, akaziba matundu kwa magazeti na gundi ya unga. Ouko alileta kitanda cha chuma alichokilalia peke yake miaka yake ya reli. Godoro lisilolaliwa na mtu wa nyumba ile halikuwapo. Ndanu akafumua magunia manne, akayashona kuwa moja, akawatuma watoto wakate nyasi kavu mbugani.

Mzee alisikia mafungu ya nyasi yakitupwa chini. Akauliza ni ya nini, akaambiwa. Akavuta kiti, akaanza kuzichambua kwa vidole. Za kuchoma alizitupa pembeni, laini akazishindilia guniani kwa ngumi mpaka pembe zote nne zikajaa. Hakuna aliyemfundisha Ndanu kwamba mgeni anaweza kujitengenezea godoro na akafurahi.

Jioni ile basi lilisahauliwa. Ndanu aliweka taulo na sabuni, akakunja pembe za shuka kwa mazoea, akasimama nje mbali kidogo. Mzee aliingia peke yake. Komeo likalia kwa ndani.

Alhamisi alipasuliwa. Alirudi na jicho limefungwa, akalala kibandani wiki tatu. Siku alipofunguliwa kabisa alikitazama kile chumba kwa muda mrefu: mabati, magazeti ukutani, taulo. Akamwita Ndanu, naye akasogea hadi karibu na mlango.

"Mama Melvin, hizi pembe umefunga hivi ni za nini?"

"Ni za mgeni, baba."

"Basi zifungue. Mimi niko nyumbani."

Alikuja kila mwaka baada ya hapo, na kila mara nyasi zilibadilishwa. Za mwisho zilijazwa mwaka wa 2003, naye hakufika; alizikwa mwezi huo huo. Miaka mitatu baadaye Nalianya alikibomoa kibanda ajenge vyumba vya kupangisha, kama walivyofanya majirani wote. Wageni siku hizi wanapiga simu kutoka barabarani, wananywa soda wakiwa wima, wanauliza magari ya kurudi yanaisha saa ngapi.

Fundi aliikata ile mishono ya gunia akazimwaga nyasi nje ya ua. Ng'ombe wa jirani walizimaliza asubuhi moja.